Hardwick: Jumba la Mwanamke Aliyeolewa Mara Nne

Kileleni mwa kilima huko Derbyshire, Uingereza, lipo jumba lenye minara sita. Juu ya minara hiyo zimechongwa herufi E na S, kubwa kiasi cha kusomeka toka mbali. Ni za Elizabeth Shrewsbury, anayejulikana zaidi kama Bess wa Hardwick.

Alizaliwa hapo hapo Hardwick katika miaka ya 1520. Baba yake, mwenye mashamba ya wastani, alifariki mwaka 1528, na kwa kuwa mrithi wa kiume alikuwa bado mtoto, sehemu ya ardhi ikashikwa na maofisa wa mfalme. Mume wa kwanza wa Bess, Robert Barley, naye alifariki mapema, mwaka 1544. Sheria ilimpa mjane theluthi ya mapato ya ardhi ya marehemu. Walioishika mali hiyo walipomkatalia, Bess alikwenda mahakamani na kudai hadi akapata.

Hapa ndipo penye kiini cha maisha yake. Mke wa zama za Tudor hakuwa na mali mbele ya sheria. Chake kilikuwa cha mumewe. Mjane ndiye aliyeweza kumiliki, kushtaki na kuandika wasia.

Mwaka 1547 aliolewa na Sir William Cavendish, mtumishi wa hazina ya mfalme, na harusi ikafanyika Bradgate, nyumbani kwa ukoo wa Grey wenye damu ya kifalme. Wakanunua Chatsworth kwa pauni 600. Hata ubatizo wa watoto ulikuwa siasa. Henry, aliyezaliwa mwaka 1550, alisimamiwa na binti mfalme Elizabeth. Mwaka 1553 Lady Jane Grey, wa ukoo huo wa Bradgate, alinyang'anywa kiti cha enzi. Miezi michache baadaye Bess akajifungua Charles, na msimamizi wa ubatizo akawa malkia mpya, Mary mwenyewe. Familia iliyokuwa imeegemea upande ulioshindwa ilikuwa imeshapata kinga.

Mume wa tatu, Sir William St Loe, mkuu wa walinzi wa Malkia Elizabeth, alifariki na kumwachia Bess mali yake.

Wa nne alikuwa George Talbot, Earl wa Shrewsbury, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Ndoa hiyo iliambatana na nyingine mbili: mwaka 1568 Henry, mtoto wa Bess, alimwoa Grace Talbot mwenye miaka minane, na Mary Cavendish mwenye miaka kumi na miwili akaozwa Gilbert Talbot. Watoto hao hawakuwa na la kusema.

Mwaka 1574 Bess alithubutu zaidi. Binti yake Elizabeth aliolewa na Charles Stuart, kitukuu cha Mfalme Henry wa Saba, bila ridhaa ya malkia. Mama wa bwana harusi alitupwa gerezani katika Mnara wa London. Mwaka uliofuata akazaliwa Arbella, mtoto mwenye haki ya kudai taji. Wazazi wake walipofariki, alilelewa na bibi yake.

Earl alifariki mwaka 1590. Bess, mjane tena na sasa tajiri mno, alijenga Hardwick mpya kwa ushauri wa Robert Smythson, akahamia mwaka 1597. Madirisha yanazidi urefu kila ghorofa ipandavyo, kwa sababu vyumba vya kupokelea wafalme viko juu kabisa. Malkia hakufika kamwe.

Arbella aliishi humo akichungwa kama mfungwa. Mwishoni mwa mwaka 1602, akiwa na miaka 27, alipeleka posa kwa siri kwa ukoo wa Seymour. Earl wa Hertford, mkuu wa ukoo huo, akaifichua serikalini. Bess alimfuta katika wasia. Mwaka 1610 Arbella aliolewa kwa siri na William Seymour, akakamatwa, akafia katika Mnara wa London mwaka 1615.

Bess alikuwa ameshafariki mwaka 1608. Hardwick ilikwenda kwa mwanawe William Cavendish, aliyepata cheo cha Earl wa Devonshire mwaka 1618, na ukoo wake ukaishika hadi mwaka 1956, ilipokabidhiwa serikali kulipia kodi ya mirathi.