Istilahi za msingi katika uchambuzi wa riwaya

WANAFUNZI wengi wanaposoma riwaya hukumbuka kila kisa, lakini wanapotakiwa kuichambua huishia kuisimulia upya. Aghalabu chanzo cha kosa hilo ni kutotofautisha istilahi chache za msingi. Istilahi hizo zinafafanuliwa hapa kwa kurejelea Siku Njema (1996) yake marehemu Ken Walibora, riwaya iliyosomwa sana shuleni nchini Kenya.

Hadithi na ploti: Hadithi ni mfuatano wa matukio. Mtoto anazaliwa Tanga, anafiwa na mama, anateswa, kisha anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta babake. Ploti, ambayo pia huitwa msuko, ni jinsi matukio hayo yanavyofungamanishwa hata moja likazaa jingine. Kifo cha mama kinamwacha mtoto bila mtetezi. Kukosa mtetezi kunamsukuma safarini. Anayesimulia hadithi husema "halafu", ilhali anayeeleza ploti husema "kwa sababu".

Mandhari: Ni mahali na wakati wa matukio, pamoja na hali ya maisha ya huko. Zainabu Makame, mamake mhusika mkuu, ni mwimbaji wa taarab. Kwa hivyo, Tanga ya riwaya hii si jina tu kwenye ramani bali ni mji wenye utamaduni wake.

Wahusika: Mhusika mkuu ndiye anayebeba uzito wa kisa, hapa ni Msanifu. Mhusika bapa hubaki na sifa moja tangu mwanzo hadi mwisho, naye mhusika duara hubadilika kadiri mambo yanavyomkuta.

Msimulizi: Huyu ni sauti inayotupa kisa, wala si mwandishi. Siku Njema imesimuliwa katika nafsi ya kwanza, na anayesema "mimi" ni Msanifu, mzaliwa wa Tanga. Walibora alikuwa Mkenya. Msimulizi wa aina hii hujua tu aliyoyaona au kuambiwa, hivyo msomaji ana haki ya kuyapima maneno yake. Msimulizi maizi, kama yule wa Utengano (1980) yake Said Ahmed Mohamed, huweza kuingia katika mawazo ya wahusika mbalimbali.

Maudhui na dhamira: Maudhui ni mambo yanayozungumziwa, kama vile uyatima, mapenzi na elimu. Dhamira ni kusudi la mwandishi kuhusu mambo hayo. Maudhui yaweza kutajwa kwa neno moja, ilhali dhamira huhitaji sentensi kamili, kwa mfano: anayestahimili dhiki bila kupoteza utu wake hatimaye hufaulu.

Kinaya: Ni hali ambapo mambo huwa kinyume na yalivyotarajiwa. Wahenga walisema siku njema huonekana asubuhi, lakini asubuhi ya maisha ya Msanifu inagubikwa na msiba. Msomaji anayeligundua hilo hulitazama jina la kitabu kwa jicho jipya.

Mtahini hupoteza muda akisimuliwa kisa anachokijua tayari. Anachotafuta ni kuonyeshwa jinsi kisa hicho kilivyojengwa na kwa nini, na hapo ndipo alama zilipo.