"Literally": Neno Dogo Linalogombanisha Watu Mitandaoni

Dada mmoja anaandika kwenye status: "Nimecheka literally nikafa." Dakika mbili nyingi, mjuaji keshatokea: "Very wrong! Sasa marehemu anapostije?" Watu wanacheka, dada wa watu anafuta. Lakini je, kweli alikosea?

Neno lenyewe mzizi wake ni Kilatini, "littera", yaani herufi. Mwanzoni kuchukua maandiko "literally" ilikuwa kuyasoma kama yalivyo, neno kwa neno, bila kutafuta mafumbo.

Baadaye likaanza kutumika kutilia mkazo tu, na sio na vijana wa mitandao. Mwaka 1769 mwandishi wa Kiingereza Frances Brooke alishalitumia hivyo kwenye riwaya yake, The History of Emily Montague. Mwaka 1876 Mark Twain wa Marekani naye akafanya vilevile kwenye The Adventures of Tom Sawyer. Dogo Tom anapewa kazi ya kupaka uzio chokaa, anawauzia wenzake nafasi ya kumsaidia, anaishia na gololi, kipande cha chaki na ufunguo usiofungua kitu. Twain akamtaja kama tajiri wa kutupwa, na neno lililotilia mkazo utajiri huo ni hilohilo.

Wajuaji nao hawakuanza leo. Mwaka 1909 Ambrose Bierce alilipiga vita matumizi hayo kwenye kitabu chake, Write It Right. Mwaka huohuo kamusi ya Webster ikaiingiza maana hiyo. Kamusi ya Oxford nayo iliiweka 2011, na watu walipokuja kushtuka 2013, mitandaoni zikapigwa kelele kama msiba.

Sasa rudi kwa yule mjuaji. Neno lake "very" limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na maana yake ilikuwa "-a kweli", kutoka Kilatini "verus". Leo halithibitishi ukweli wowote, linakuza tu. "Really" nalo limepita njia hiyohiyo. Hata Kiswahili kipo humo: anayesema "mtoto mzuri kweli" hatoi ushahidi mahakamani, anasifia.

Maana ya kwanza ya "literally" haijafa, na kwenye mkataba au chumba cha mtihani ni bora kuwa makini. Ila kwenye status, dada hakuwa na sababu ya kufuta. Aliyemcheka alitumia neno lililohama kutoka kwenye ukweli kwenda kwenye mkazo, sawasawa na la kwake. Tofauti ni kwamba la kwake lilihama zamani zaidi.