Chikongola na Bandari ya Mtwara: Riziki ya Mji wa Mpakani

Historia ya usharika haiwezi kueleweka vema bila kuufahamu mji ambamo washarika wanaishi na kutafuta riziki. Chikongola ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Mtwara Mikindani, na maisha ya wakazi wake yamefungamana na bandari, zao la korosho na mpaka wa Mto Ruvuma. Mambo hayo matatu yameuletea mji neema na misukosuko. Aidha, yameacha swali ambalo kila kizazi kimeliuliza: mali inayopita katika bandari hii inamwachia nini mwenyeji?

Mikindani na mpaka wa mto

Kabla ya Mtwara kujengwa, biashara ya pwani hii ilikuwa Mikindani. Majahazi yalipakia pembe za ndovu, sandarusi, mtama na ufuta. Yalipakia pia binadamu waliotekwa bara na kuuzwa utumwani. Ni hapo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na ni hapo Wajerumani walipojenga boma mwaka 1895.

Mwaka 1886 Ujerumani na Ureno zilikubaliana kwamba Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao. Hata hivyo, mwaka 1894 Wajerumani waliitwaa Kionga, iliyo kusini ya mlango wa mto. Wareno waliirudisha mikononi mwao mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawathibitishia. Katika mabadiliko hayo yote Wamakonde wa ng'ambo zote mbili hawakuulizwa. Waliendelea kuvuka kwa mitumbwi, kuoana na kuzikana.

Bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga

Mji wa Mtwara ulipangwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula, ilianzisha mpango mkubwa wa kilimo cha karanga Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zilizochaguliwa. Mazao yalihitaji reli na bandari yenye kina kirefu, nayo ghuba ya Mtwara ilifaa. Vibarua walitoka Newala, Masasi na hata ng'ambo ya Ruvuma.

Mpango huo ulishindwa kwa sababu ya ardhi ngumu, mvua haba na matrekta yasiyohimili kazi, ukaachwa mwaka 1951. Ujenzi wa gati ulikamilika mwaka 1954, zao lenyewe likiwa limekwisha kufa. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962 na kung'olewa. Mji ulibaki na gati zuri pasipo shehena ya kutosha.

Korosho

Shehena ililetwa na wakulima wadogo. Mkorosho, uliofika Afrika ya Mashariki kupitia Wareno kutoka Brazil, ulistahimili mchanga wa pwani na uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, nyingi zikitoka Kusini. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 17,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha maua. Katika miaka hiyo hiyo ya kuporomoka ndipo viwanda vikubwa vya kubangulia korosho vilijengwa kwa mikopo, na vingi vilikosa korosho za kubangua.

Lakini miti ilikuwa bado imesimama. Watafiti wa Naliendele, nje kidogo ya mji, walipoonyesha matumizi ya salfa dhidi ya ubwiriunga, na bei ilipopanda, wakulima walirudi kupalilia. Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianzishwa mkoani Mtwara ili mkulima auze mnadani kupitia chama chake cha msingi, asilazimike kumwuzia mnunuzi wa kangomba kwa kipimo cha udanganyifu. Mfumo huo nao umekuwa na manung'uniko, hasa malipo yanapochelewa. Mwaka 2018 wakulima waligomea bei ya wanunuzi, na Serikali ikaagiza Jeshi lisombe korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo.

Jirani wa kusini

Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, Mtwara ulipokea wakimbizi na ukawa mkoa wa mstari wa mbele hadi uhuru wa jirani mwaka 1975. Kwa miaka mingi barabara ya Dar es Salaam ilikuwa ikifungwa na mvua, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003. Daraja la Umoja, la kuvuka Ruvuma pale Mtambaswala, lilifunguliwa mwaka 2010. Amani ya mpakani ilitikiswa tena Oktoba 2020, wapiganaji kutoka Cabo Delgado waliposhambulia kijiji cha Kitaya.

Gesi

Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Uamuzi wa kuisafirisha kwa bomba hadi Dar es Salaam ulizua ghasia Januari na Mei 2013. Watu walipoteza maisha, nyumba zilichomwa, na askari walizagaa mitaani. Wengi waliopinga walikumbuka reli iliyong'olewa na viwanda vilivyokaa bure. Walihofu kuachwa tena mikono mitupu. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka huo huo kiwanda cha saruji cha Dangote kilifunguliwa. Baadaye bandari ilipata gati jipya la mita 300, na makaa ya mawe kutoka Ruvuma yakaanza kupakiwa pamoja na korosho.

Karanga zilipangwa mbali na zikafa katika miaka michache. Mikorosho ilipandwa na wenyeji kwa jembe la mkono, ikaanguka na kuinuka tena. Bandari inapojaa magunia, mpakizi, mama lishe, mwendesha bodaboda na mwenye nyumba ya kupanga wa Chikongola hupata chochote. Inapokuwa tupu, ada ya shule hukosekana na sadaka hupungua. Kwa sababu hiyo, kila meli inapotia nanga mkazi wa mji huu hutaka kujua imekuja kuchukua nini, na kwa bei gani.