Mahandaki ya chini ya chuo: nani aliyachimba?



Hapa Jeppestown hakosekani mwanafunzi wa kuniuliza: "Prof, ni kweli chini ya Wits kuna njia za siri, za kutoka jengo hadi jengo?" Humjibu, acha ya siri, tazama ya wazi. Chuo chenyewe ni mtoto wa handaki! Kilianza 1896 kule Kimberley kama shule ya migodi, kikahamia Johannesburg 1904, kikawa chuo kikuu kamili 1922.

Na mwaka 1986, waliokuwa wakichimba msingi wa makao makuu ya Standard Bank, mtaa wa Simmonds, walitokezea kwenye mgodi wa kale wa Ferreira, alama za sururu bado zimo mwambani. Benki ikapahifadhi pawe makumbusho.

Sasa swali langu: sururu ilishikwa na nani? Migodi ya Rand ilikula jasho la watu wa Msumbiji, Nyasaland, na baadaye hata Wanyakyusa wetu walioandikishwa na Wenela, mpaka Tanganyika huru ilipokataa. Majina ya matajiri yapo mitaani. Jeppestown yenyewe ni ya akina Jeppe. Ya wachimbaji hayapo.

Wazee hao sasa wamepita miaka themanini. Mwenye babu au mjomba aliyekwenda Wenela amhoji leo, amwandike kwa jina. Handaki litangoja, mzee hangoji.

Wasalaam.