Rejista tano za BPF

Ukiandika programu ya kugawa namba mbili za biti 128, prosesa nyingi hazina amri ya kazi hiyo. Kompaila haikwambii. Inaita funksheni ya __udivti3 kutoka maktaba yake yenyewe, nayo hiyo inamtwika mzigo mwenzake, __udivmodti4. Kwenye kompyuta ya kawaida hakuna anayeshtuka. Kwenye BPF, mashine ya kufikirika inayoendesha programu ndani ya keneli, mambo hukwama.

BPF ilizaliwa katika maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani. Mwaka 1992 Steven McCanne na Van Jacobson waliandika jinsi ya kuchuja pakiti za mtandao humohumo ndani ya keneli. Mashine yao ya kufikirika ilikuwa na rejista mbili tu, A na X, na haikujua kuita funksheni.

Mwaka 2014 Alexei Starovoitov aliifumua na kuisuka upya ndani ya Linux. Sasa zikawepo rejista za biti 64: R0 ya kurudisha jibu, R1 hadi R5 za kupokelea hoja, R10 ya kuelekeza kwenye steki ya baiti 512. Hoja ya sita haikuwekewa nafasi, hata kwenye steki. Huo haukuwa uchoyo. Prosesa za x86-64 hupokea hoja sita kwa rejista, ARM64 nane. Tano zinaenea kote, na wito hutafsiriwa moja kwa moja bila kuhamishahamisha vitu.

Kwa miaka kadhaa sheria hiyo haikumuumiza mtu, maana kabla ya Linux 4.16, mwaka 2018, funksheni zote za programu zilimezwa ndani ya ile inayoziita. Wito wa kweli uliporuhusiwa, hesabu ikaanza kubana. Itazame __udivmodti4: kigawanywa kinakula rejista mbili, kigawanyo mbili, anwani ya kuandikia baki moja. Tano zimekwisha. Jibu nalo lina biti 128, haliingii R0. Desturi ya mashine nyingi ni kupitisha anwani ya siri ya kuliandikia. Hiyo ndiyo ya sita, na kompaila inagoma. Kinachoudhi ni kwamba maktaba hukusanywa nzima, hata kama programu yako haigawi chochote.

Dawa zipo. Namba zipitishwe kwa anwani, au funksheni imezwe ndani ya mwitaji, ingawa hapo msimbo unavimba na steki ni ileile ya baiti 512. Au iachwe nje kabisa kwa BPF, na anayeihitaji akutane na kosa wakati wa kuunganisha. Mimi nachagua hii ya mwisho. Anwani za IPv6 zina biti 128, kweli, lakini hizo kwa kawaida hulinganishwa tu. Sijaona wa kuzigawa.