Mgeni Mlangoni: Machame na Wageni wa Kwanza, 1848–1900

Vijana wetu wanapenda sinema za safari za angani. Moja ya hadithi zinazorudiwa sana ni hii: chombo kinatua katika sayari ya mbali, na wasafiri wanakuta nchi ya kijani yenye maji na matunda. Watu wake ni wapole, hawana silaha, wala hawahitaji maneno, maana kila mmoja anasoma mawazo ya mwenzake. Kwa hiyo hapana uongo wala vita. Mwishoni wasafiri wanagundua kwamba nchi ile siyo kama walivyoiona siku ya kwanza.

Sisi wa Machame tunayo sababu ya kuitafakari hadithi hiyo, kwa kuwa zamani nchi yetu ilikuwa sayari ya namna hiyo machoni pa wageni.

Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari kutoka Gerlingen, Ujerumani, aliyetumwa na Church Missionary Society, aliuona mlima wetu ukiwa na weupe kileleni. Alikuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara, Bwana Kheri. Mkononi hakuwa na bunduki bali mwavuli. Baada ya nyika kavu na yenye joto alifika Kilema, akakuta hewa baridi, migomba, na maji yakikimbia kila mahali. Aliandika kwamba alijiona kama anatembea katika milima ya Jura, karibu na Basel alikosomea. Mwishoni mwa mwaka huohuo alirudi, akafika hadi Machame kwa Mangi Mamkinga, naye akapokelewa vizuri.

Lakini ule ukijani haukuwa bustani iliyojiotea. Maji aliyoyaona yaliletwa na mifongo iliyochimbwa kwa mikono, ikagawanywa kwa zamu na kusafishwa na ukoo mzima. Vihamba vililishwa mbolea ya ng'ombe kizazi baada ya kizazi. Tena haukuwa ukijani wa amani. Umangi mmoja ulipigana na mwingine kwa ajili ya ng'ombe na ardhi, na mateka waliuzwa kwa misafara ya pwani. Sehemu mbalimbali za mlima watu walichimba mahandaki ya kuficha watoto na mifugo. Miaka iliyofuata Machame iliteswa sana na majeshi ya Mangi Sina wa Kibosho, na wazee wetu hawakusahau.

Wala wazee hawakuwa na uwezo wa kusoma mawazo. Kwa sababu hiyohiyo walikuwa na desturi nyingi za kutafuta amani. Aliyekosa alipeleka jani la isale kwa aliyemkosea, na ilikuwa vigumu sana kulikataa. Waliofanya agano walichinja mnyama na kuvishana kidoleni kipande cha ngozi yake. Mate ya mzee yalikuwa baraka. Mgeni hakuingia moja kwa moja kwa Mangi. Alisubiri, akachunguzwa, akafanyiwa taratibu za kumwondolea madhara aliyoweza kuja nayo. Rebmann alichoshwa na mambo hayo. Sisi tunayaona kama kazi ya watu waliojua kwamba moyo wa mgeni haufunguki kwa kumtazama, hivyo ni lazima ishara na muda vitumike.

Mwezi wa Aprili 1849 Rebmann alikuja mara ya tatu. Safari hii alikuwa na wapagazi wengi zaidi na mizigo ya vitambaa na shanga, kwa sababu alitaka kupita kwenda Unyamwezi. Mamkinga alimpokea kwa maneno mazuri, kisha kidogo kidogo, kwa kuomba na kudai zawadi, akammalizia mali yote. Rebmann alilia. Alirudi pwani wakati wa masika, mgonjwa na mikono mitupu.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama habari ya mfalme mwenye tamaa na mtumishi mnyenyekevu. Tamaa ilikuwepo, hatuifichi. Lakini tukae kidogo mahali pa Mangi. Watu wote aliowajua wakitoka pwani na mizigo walikuwa wafanyabiashara. Huyu alisema hakuja kununua pembe wala watumwa, ila alileta habari za Mungu. Maneno yake yakatafsiriwa, na nyuma yake ukasimama msururu wa mizigo. Sasa alitaka kuivusha mizigo ile kwa watu wengine. Midomo ilisema jambo moja, na macho yaliona jingine. Mmoja aliona mnyang'anyi, mwingine aliona mgeni mchoyo, na hapakuwa na aliyeujua moyo wa mwenzake.

Kutofahamiana huko hakukuwa kwetu tu. Rebmann alipotoa habari za theluji karibu na ikweta, msomi mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikataa kwa miaka mingi, ingawa hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Karl Klaus von der Decken alipokuja 1861 na 1862 alithibitisha kwamba mmisionari alisema kweli. Na Rebmann mwenyewe alikuwa amesikia kwamba Mangi Rengua wa Machame aliwahi kutuma watu wapande kuchunguza weupe ule uliodhaniwa kuwa fedha. Akarudi mtu mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibiwa na baridi. Kumbe wapelelezi wa kwanza tunaowasikia katika habari za mlima huu walikuwa watu wa hapa, nao walilipa gharama kubwa.

Wamisionari wa Leipzig walipofika mwaka 1893 wakaanza kazi yao Machame, Nkwarungo, fumbo lilikuwa gumu zaidi. Wenzao wa Church Missionary Society, waliokaa Moshi tangu 1885, walikuwa wameondoka 1892 baada ya ugomvi na serikali ya Wajerumani. Sasa mhubiri na askari walitoka nchi moja. Ni nani aliyekuja na Neno, na ni nani aliyekuja na kamba? Mwaka 1896, kule Akeri, Meru, wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa. Serikali ikajibu kwa vita vikali, na wapiganaji wa Kichagga walikuwa pamoja na askari. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa pamoja na viongozi wengine. Kanisa letu lilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Hatuwezi kuisimulia habari ya kuzaliwa kwake na kuziruka siku hizo.

Basi Injili iliingiaje? Iliingia polepole, kwa njia ya lugha. Wamisionari walikaa chini kama watoto, wakajifunza maneno ya Kimachame kutoka kwa vijana wa hapa, na vijana wakajifunza kusoma. Waliofundishwa wakawa walimu wa majirani zao. Mtu alipolisikia Neno katika lugha ya mama yake, na kumwona aliyelileta akiishi jirani mwaka baada ya mwaka, aliweza kupima maneno kwa matendo.

Leo kuna hadithi mbili tunazosikia hata sharikani. Moja husema kabla ya 1893 palikuwa giza tupu hapa. Nyingine, ambayo vijana huipenda, husema palikuwa Edeni mpaka Mzungu alipokuja. Zote mbili zinawanyima babu zetu ubinadamu wao. Walichimba mifongo na wakauza mateka. Walipeleka isale na wakachoma nyumba za jirani. Walimhitaji Mwokozi kama tunavyomhitaji sisi, na kama walivyomhitaji waliomleta.

Samweli alipokuwa nyumbani kwa Yese alifundishwa kwamba kuona moyo ni kazi ya Mungu. Na siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwapa watu uwezo wa kusomana mawazo. Aliwapa kusikia, kila mmoja kwa lugha yake. Njia hiyo ni ndefu, nayo ndiyo tuliyopewa. Anapohamia mtaani kwetu mtu wa kabila au dhehebu lingine, tusijidai kuujua moyo wake siku ya kwanza, kwa kumsifu wala kwa kumshuku. Tumpe kiti, tumwulize, tumsikilize, na kesho tumwulize tena. Na palipo na ugomvi wa mpaka wa kihamba kati ya ndugu, isale bado linaota kwenye ua.