Mkono wa Mary Rafferty

Mwaka 1874, mjini Cincinnati, Marekani, daktari Robert Bartholow alichoma sindano kwenye ubongo wa mtumishi wa nyumbani, Mary Rafferty. Kidonda cha saratani kilikuwa kimekula fuvu lake mpaka ubongo ukawa wazi. Umeme kidogo ulipopita upande wa kushoto, mkono na mguu wa kulia vikacheza vyenyewe. Daktari akaongeza umeme. Mary akashikwa na degedege, akapoteza fahamu. Siku chache baadaye alifariki.

Miaka minne kabla, Fritsch na Hitzig walikuwa wameonyesha jambo hilohilo kwa mbwa. Bartholow alitaka kujua kama binadamu naye yuko hivyo, na jibu alilipata. Lakini mimi kinachonikaa kichwani ni ule mkono: ulicheza bila mwenyewe kuuamuru, na haukujifunza kitu.

Ilipita zaidi ya karne moja. Mwaka 2000, Nitsche na Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba mkondo hafifu unaopitishwa juu ya ngozi ya kichwa, bila sindano wala kisu, unabadilisha wepesi wa ubongo kuamsha misuli, na hali hiyo hubaki kwa muda hata umeme ukizimwa. Sasa swali likawa jingine: je, mtu mzima asiye mgonjwa anaweza kusaidiwa kujifunza kazi ya mkono?

Mwaka 2009, Janine Reis na wenzake walitoa jibu la kutia moyo. Watu wenye afya walibana kifaa kwa vidole ili kuongoza alama kwenye skrini, siku 5 mfululizo. Wengine walipitishiwa miliampia 1 kwa dakika 20, wengine wakawekewa umeme wa kuigiza tu. Waliopata umeme halisi waliwazidi wenzao, na tofauti ilikuwepo hata miezi 3 baadaye.

Sisi waandishi wa habari tukisikia hivyo, haraka tunaandika "kofia ya kuongeza akili". Taratibu jamani! Makundi yote mawili yalifanya mazoezi, na hata wale wa umeme wa kuigiza walijifunza. Tena tafiti zilizofuata hazikubaliani: nyingine zinaona faida, nyingine hazioni.

Bartholow alijitetea kwamba Mary aliridhia, ilhali mwenyewe alishaandika kuwa akili ya mgonjwa huyo ilikuwa dhaifu. Kwa hiyo nikisoma utafiti wowote wa aina hii, kabla ya kuuliza mkono umekuwa mwepesi kiasi gani, nauliza mwenye mkono alielezwa nini.